Tairi Jipya la Pikipiki: Usilipakie Mikebe Siku ya Kwanza

Mashamba ya skimu yalipoanza kugawanywa mwaka 1962, katika ule mpango wa ekari milioni moja, mkulima aliyekaa mbali na barabara kuu kule Kinangop, Ol Kalou au Lugari alifikisha maziwa yake kwa miguu, kwa mkokoteni au kwa punda. Siku hizi ni pikipiki. Pikipiki hupeleka mikebe alfajiri, hurudi na mfuko wa chakula cha ng'ombe, mchana huchukua mbolea, na usiku ikibidi humpeleka mgonjwa hospitali. Ukimwuliza mwenye pikipiki habari za ng'ombe wake, atakutajia siku aliyopandwa na mwezi atakaozaa. Ukimwuliza habari za tairi lake la nyuma, atakujibu, "Bado linakwenda."

Neno hilo ndilo tunalotaka kulizungumza nawe mwezi huu. Tairi lililokwisha meno huendelea kwenda mpaka asubuhi ile linapokataa, na kwa kawaida asubuhi hiyo ni ya mvua, na mikebe imejaa. Hapo mkulima hukimbilia tairi la kwanza analoliona dukani, hulifunga upesi upesi kando ya barabara, akairudisha mikebe juu yake papo hapo. Hayo ni makosa matatu kwa saa moja. Tairi jipya lahitaji kupewa muda kabla ya kutwikwa kazi nzito, na muda huo utaupata tu ikiwa ulilinunua mapema, wakati la zamani bado lina nguvu kidogo.

Muda wenyewe si mrefu. Watengenezaji wa matairi hushauri kwamba kilomita 160 za kwanza, yaani maili 100, ziendeshwe kwa upole. Hiyo ni kama safari ya kutoka Nairobi hadi Nakuru. Lakini wewe huendi Nakuru. Ikiwa mahali pa kupozea maziwa pako kilomita 6 kutoka nyumbani kwako, kwenda na kurudi ni kilomita 12, na kwa safari moja kila siku utazimaliza kilomita hizo katika muda wa wiki mbili. Basi anayetaka tairi lake liwe tayari mvua za masika zikianza mwezi wa Machi, na alifunge Februari mwanzoni. Kwa mvua za vuli zinazoanza Oktoba, yafaa lifungwe mapema mwezi wa Septemba. Ndugu zetu wa Lugari na Trans Nzoia, ambao mvua yao ikianza huendelea miezi mingi, nao washike Februari.

LA ZAMANI LIMEKWISHA?

Kabla ya kutoa fedha, chutama kando ya pikipiki yako mchana wa jua ulitazame tairi. Ubavuni, karibu na meno, utaona herufi TWI au mshale mdogo. Ufuate mshale huo mpaka ndani ya mfereji ulio kati ya meno, nawe utakuta kidaraja kidogo cha mpira. Meno yakishakuwa sawa na kidaraja hicho, tairi limekwisha, hata kama bado linashika upepo. Mifereji ile kazi yake ni kutoa maji na tope chini ya gurudumu. Ikiisha, gurudumu huteleza juu ya tope, na breki haina la kushika.

Tazama pia ubavu wenyewe. Nyufa ndogo ndogo, kama za tope la kisima kilichokauka, zaonyesha kwamba mpira umezeeka. Uvimbe mahali pamoja waonyesha kwamba nyuzi za ndani zimekatika, na tairi la namna hiyo lisiendeshwe hata siku moja.

Wako watu ambao huchukua chuma cha moto wakachonga meno mapya katika tairi lililokwisha. Hupendeza machoni, na bei yake ni ndogo. Lakini hakuna kilichoongezwa hapo. Meno hayo yamechimbwa katika ule unene mdogo uliobaki juu ya nyuzi, ambao ndio uliokuwa ukikukinga na msumari na jiwe. Ni sawa na kuuparua ukuta wa nyumba ili uonekane mpya: kila ukiuparua, ukuta wapungua. Usinunue.

MAANDISHI YA UBAVUNI

Kila tairi lina maandishi ubavuni, wala hayakuwekwa kwa urembo. Ukisoma 3.00-17, hesabu ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, na ya pili ni kipimo cha ringi, yaani lile duara la chuma linalovaa tairi, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, pia kwa inchi. Matairi mengine huandikwa kwa namna nyingine, kama 90/90-18. Maana yake upana ni milimita 90, kimo cha ubavu ni sehemu 90 katika 100 za upana huo, na ringi ni ya inchi 18. Pikipiki nyingi za kazi zina ringi ya inchi 17 au 18, na tairi la mbele huwa jembamba kuliko la nyuma. Shika kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki yako. Kitabu kikipotea, pengine utakiona kipimo hicho katika kibandiko kilicho karibu na mnyororo.

Wengi hupenda kuweka tairi pana zaidi nyuma wakidhani kwamba upana ni nguvu. Si hivyo. Ringi nyembamba hulibana tairi pana likapoteza umbo lake, nalo huweza kugusa mnyororo au kifuniko cha tope. Katika udongo mweusi, tope hujaa katika nafasi ile ndogo iliyobaki mpaka gurudumu lakataa kuzunguka. Wakulima wa Mwea wanalijua vizuri jambo hili.

Sasa tufike kwenye hesabu inayomhusu mkulima wa maziwa kuliko zote, nayo ndiyo isiyosomwa na mtu. Baada ya kipimo cha tairi kuna tarakimu mbili na herufi moja, kwa mfano 47P. Herufi P yaonyesha mwendo wa mwisho, kilomita 150 kwa saa, ambao hutaufikia wala hutakiwi kuufikia. Tarakimu 47 ndizo zenye maana kwako. Zaonyesha mzigo ambao tairi hilo laweza kubeba, lakini si kwamba ni kilo 47. Kila namba ina mzigo wake: 41 ni kilo 145, 47 ni kilo 175, 50 ni kilo 190, 52 ni kilo 200, na 57 ni kilo 230. Nakili namba hizi katika kikaratasi ukitie mfukoni siku ya kwenda dukani.

Haya, tupige hesabu ya asubuhi moja. Lita moja ya maziwa ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja, kwa hiyo mikebe miwili ya lita 50 ina kilo 103 za maziwa. Mikebe yenyewe mitupu haipungui kilo 15. Jumla ni kilo 118, nazo zote zakaa juu ya gurudumu la nyuma, kwa maana kichukuzi cha pikipiki kiko hapo hapo. Ongeza nusu ya uzito wa pikipiki, ambayo yote ni karibu kilo 120, yaani kilo 60. Ongeza sehemu ya mwendeshaji inayoangukia nyuma. Tuseme kilo 40 katika 70 zake. Tairi la nyuma sasa limebeba karibu kilo 218. Tairi la 47 lilitengenezwa kubeba 175. Hata la 52 limezidiwa kwa kilo 18, na bado hujaingia katika shimo hata moja.

Basi chaguo ni lako. Waweza kwenda safari mbili, kila safari na mkebe mmoja, hapo tairi la 47 latosha. Waweza kutumia mikebe midogo ya lita 20. Au waweza kutafuta tairi lenye namba kubwa zaidi katika kipimo kile kile cha upana na ringi; mara nyingi utaliona limeandikwa 6PR badala ya 4PR, nayo ndiyo dalili ya tairi lililojengwa kwa mzigo mkubwa zaidi. Lakini usisahau kwamba tairi likiwa na nguvu, fremu ya pikipiki, spoki na breki bado ni zile zile. Kitabu cha pikipiki hutaja mzigo wa mwisho, na tairi jipya haliubadilishi.

Tafuta pia umri wa tairi. Baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe ya kuzaliwa kwake: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi huzeeka hata likiwa dukani, hasa lile lililotundikwa mlangoni juani mwaka mzima ili wapita njia walione. Mwombe mwenye duka akutolee lililo ndani, kivulini, na usione haya kulisoma mbele yake. Tazama kama lina alama ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, na uchukue risiti.

Juu ya aina ya meno, mengi husemwa na vijana wa pikipiki, na mengi ni ushabiki. Tairi lenye meno makubwa yaliyoachana huuma tope vizuri, lakini katika lami lina mpira mchache unaogusa chini. Kwa hiyo huisha upesi, na mvua ikinyesha juu ya lami huteleza. Lenye mifereji midogo hupenda lami na huona taabu katika tope. Hesabu njia yako ya kila siku. Ikiwa kilomita 5 katika 6 ni maramu na tope, meno ya kati yatakufaa, yale yaliyokatwa mapande lakini yamesogeleana. Usinunue tairi la mashindano kwa sababu ya kilima kimoja.

KULIFUNGA

Magurudumu ya spoki lazima yawe na tyubu, yaani mpira wa ndani, maana upepo hupenya kwenye matundu ya spoki. Tairi liwe limeandikwa TT, ambalo ni la tyubu. Lililoandikwa TL ni la ringi isiyohitaji tyubu, kama zile za kumiminwa zisizo na spoki, na kazi ya kulifunga iachie fundi mwenye mashine, maana vyuma vyetu vya mkono huikwaruza ringi hiyo ikavuja.

Nunua tyubu mpya pamoja na tairi jipya. Tunajua inauma kutoa fedha mara mbili, lakini tyubu ya zamani imekwisha kutanuka, na ukiitia katika tairi jipya itajikunja, na mahali ilipojikunja ndipo itakapopasuka. Iwe ya kipimo kile kile cha tairi.

Ukiwa na fundi unayemwamini, mpelekee gurudumu, ukae umtazame. Ukifanya mwenyewe, chagua alasiri isiyo na kazi na mahali pasipo na mchanga. Kabla ya kulegeza nati ya ekseli ya nyuma, tazama alama za kurekebishia mnyororo katika pande zote mbili, uandike ziko katika mstari wa ngapi. Vipande vinavyotoka katika ekseli vipange chini juu ya gunia kwa utaratibu vilivyotoka. Mafuta yasiguse bitana za breki.

Toa upepo wote, kisha ukanyage tairi pande zote mpaka mdomo wake ubanduke. Mdomo wa tairi ni ule ukingo mgumu wenye waya ndani, na waya huo hautanuki hata ukiuvuta kwa trekta. Hii ndiyo siri ya kazi yote. Katikati ya ringi kuna bonde. Upande mmoja wa mdomo ukiusukuma ukaanguka katika bonde lile, upande wa pili hupata nafasi ya kuvuka ukingo kwa nguvu kidogo tu. Mtu anayetokwa jasho na kuita majirani ni kwa sababu amesahau bonde. Tumia magoti yako kuushikilia mdomo bondeni, na vyuma vyako vya kubandulia uvitumie kwa hatua fupi fupi. Ukijikuta unatia nguvu nyingi, simama; bila shaka unakata tyubu au unapinda ringi.

Ringi ikiwa wazi, isafishe kutu kwa brashi. Pitisha kidole mahali spoki zinapoingilia. Iliyochomoza ipigwe tupa. Ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki urudishwe mahali pake, na ukiwa umekatika ununuliwe mwingine, kwa sababu ni rahisi kuliko tyubu. Ndani ya tairi jipya bandua karatasi zozote za kiwanda, maana karatasi ile husugua tyubu mpaka ikatoboka. Nyunyiza poda kidogo juu ya tyubu ili isishikamane na tairi.

Kuna mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzungukia. Tairi lililofungwa kinyume halipasuki siku hiyo, lakini meno yake hukusanya tope badala ya kulitupa. Ikiwa tairi lina tone la rangi ya manjano, tone hilo ni mahali palipo pepesi zaidi, nalo lielekezwe kwenye valvu, ambayo ni nzito, ili gurudumu lizunguke sawasawa.

Tia upepo kidogo katika tyubu ili ipate umbo tu, iingize, halafu pandisha midomo ya tairi. Anza mbali na valvu umalizie kwenye valvu, na kabla ya kumaliza isukume valvu ndani kidogo ili tyubu isibanwe chini ya mdomo. Cha kulainishia ni maji ya sabuni. Usitumie grisi, mafuta ya injini wala dizeli, hata fundi akikuambia kwamba ndivyo afanyavyo siku zote. Mafuta hula mpira, tena hayakauki, na tairi likibaki na mafuta huteleza juu ya ringi ukipiga breki, likaivuta tyubu mpaka valvu ikang'oka.

Jaza upepo, uutoe wote, ujaze tena. Mara ya kwanza hukunjua mikunjo ya tyubu, na mara ya pili hukaza. Ubavuni pana mstari mwembamba unaozunguka karibu na ringi. Zungusha gurudumu uutazame. Kama mahali pamoja umezama chini ya ukingo wa ringi, mdomo haujakaa. Toa upepo, paka sabuni hapo, jaza tena. Lakini usizidishe upepo kupita kiasi kilichoandikwa ubavuni kuwa ndio mwisho. Ile nati ndogo ya valvu usiikaze mpaka kwenye ringi, iache imelegea juu. Valvu ikianza kuinama siku moja, utajua kwamba tairi linahama, nawe utaliwahi.

Baada ya kurudisha gurudumu, alama za pande mbili ziwe sawa, na mnyororo uwe na mchezo kama kitabu kisemavyo, mara nyingi sentimita 2 hadi 3. Kaza nati ya ekseli, rudisha pini, kisha kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kupanda.

MZIGO HUBEBWA NA UPEPO

Aliyelifanya tairi la upepo lienee duniani hakuwa fundi wa mitambo. Alikuwa daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, Mskoti aliyefanya kazi yake mjini Belfast. Mwaka 1887 aliifungia mipira ya upepo baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, na mwaka 1888 akaandikisha hati ya uvumbuzi. Baadaye ikaonekana kwamba Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa ameandikisha wazo hilo hilo tangu mwaka 1845, lakini wakati huo baiskeli za kulitumia hazikuwako. Twalisema hili kwa sababu mganga wa mifugo alielewa jambo ambalo wengi wetu hatulitilii maanani, kwamba mpira peke yake haubebi kitu. Kinachobeba ni upepo ulio ndani.

Kwa hiyo zile kilo 175 za tairi la 47 ni za tairi lenye upepo wa kutosha. Likiwa na upepo mdogo, ubavu hukunjika na kukunjuka kila mzunguko, hupata moto, nyuzi huachana, na lililo jipya huwa kuukuu kwa muda mfupi. Pikipiki nyingi ndogo hutaka karibu ratili 25 mbele, na nyuma karibu 28 ukiwa peke yako, na zaidi ukiwa na mzigo. Kitabu chako ndicho cha kufuatwa. Katika kipimo cha upepo ratili hizo huandikwa PSI. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi. Likishakimbia hupata joto na upepo huongezeka wenyewe, na mtu asiyejua huupunguza barabarani, kumbe kesho yake utakuwa pungufu. Kubonyeza kwa kidole gumba si kupima. Kipimo chenyewe si ghali, na majirani watano wa skimu waweza kuchanga wakanunua kimoja.

WIKI MBILI ZA KWANZA

Tairi lililotoka katika kalibu ya kiwandani lina uso laini unaong'aa, na uso huo haushiki barabara vizuri mpaka usuguliwe kidogo. Tena midomo yake na tyubu havijakaa kabisa mahali pake. Na liko jambo la tatu ambalo humshangaza mwendeshaji. Tairi la zamani limelika katikati likawa bapa kama soli ya kiatu, naye amezoea kuendesha juu ya ubapa huo. Jipya ni mviringo. Ukiinama kidogo kwenye kona, pikipiki huinama upesi kuliko ulivyotaka. Pikipiki haina kosa. Mkono ndio unaohitaji kuzoea.

Siku ya kwanza endesha bila mzigo na bila abiria, mahali pakavu, usifunge breki kwa ghafula wala kuondoka kwa kishindo. Kesho yake asubuhi pima upepo tena. Ukiwa umepungua sana, tyubu imebanwa au valvu inavuja, na ni heri ulijue nyumbani. Baada ya kilomita 50 hivi tazama nati ya ekseli na mnyororo, na ugonge spoki moja moja kwa spana. Iliyokaza hulia kama kengele ndogo, na iliyolegea hutoa sauti ya kufa.

Juma la kwanza peleka mkebe mmoja usiojaa, au gawanya maziwa na jirani aendaye njia hiyo hiyo, nawe umlipe kwa zamu wiki yake ikifika. Ondoka robo saa mapema, maana kwenda polepole kunahitaji muda, na mahali pa kupozea maziwa hapamngoji mtu. Juma la pili waweza kuongeza mpaka mzigo wa kawaida wa tairi lako. Mvua ikinyesha katikati ya siku hizo, acha nafasi ndefu mbele yako, maana uso mpya na maji havipatani, na majani mabichi kwenye njia ya shambani ni mabaya zaidi ya lami.

Wengine husugua tairi jipya kwa mchanga, kwa petroli au kwa brashi ya waya ili likomae siku moja. Petroli huuharibu mpira, na brashi haizifikii sehemu za pembeni unazozihitaji kwenye kona. Kilomita ndizo dawa.

Ikiwa pikipiki huendeshwa na mwanao au kijana uliyemwajiri, yeye ndiye asomewe ukurasa huu. Mwambie waziwazi kwamba wiki hizi mbili hutamlaumu kwa kuchelewa. Kijana anayeogopa kugombezwa atapakia mikebe yote miwili na kukimbia, hata kama tairi lilifungwa jana.

La zamani usilichome, moshi wake ni sumu kwa watu na kwa mifugo. Mafundi wa viatu vya akala hulihitaji. Tyubu ya zamani ikate vipande virefu, utapata blada nzuri za kufungia mikebe. Ncha zake zichomekwe ndani ya kichukuzi, zisining'inie karibu na gurudumu, kwa kuwa blada moja ikinaswa na spoki hulisimamisha gurudumu kuliko breki.